Mtungi Uliopoza Kompyuta

Namba ilikuwa thelathini na saba, na haikusogea.

Novatus aliitazama asubuhi alipowasha kompyuta, ikawa thelathini na saba. Aliitazama saa saba mchana, wakati jua la Oktoba limelemea bati la nyumba yake pale Bariadi mpaka misumari inalia, ikawa thelathini na saba. Akafungua kazi nzito makusudi, mitihani ya shule tatu kwa mpigo na picha za harusi juu yake, akaiacha mashine ihangaike. Kwenye kona ya kioo, kile kijiprogramu cha kupima joto la prosesa kikaandika kilekile: 37.

Kompyuta haikai hivyo. Hii aliiunda kwa mikono yake, kipande kwa kipande, tangu wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba na ofisi ya ushirika alikokuwa karani ikatiwa kufuli. Mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, aliitoa Mwanza kwenye mashine za mtumba, kasha alilikata mwenyewe kwa bati, na chumba cha mbele cha nyumba kikawa ofisi ya kuchapa. Aliijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake wa maziwa. Ikipumzika, hamsini. Ikifanya kazi, sitini, sabini, halafu inajizima yenyewe, pap, katikati ya sentensi, na mteja anabaki amekodoa macho.

Alipobadilisha prosesa na kuweka yenye kasi zaidi, mambo yakaharibika kabisa. Msimu wa pamba malori hupita mjini yakimwaga nyuzi hewani. Nyuzi zile ziliingia kwenye feni zikajisokota mpaka feni ikakwama. Akasafisha kwa brashi ya rangi. Akapaka upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Akaongeza feni ya pili, akaongeza ya tatu. Mashine ikaendelea kuchemka na kuzima.

"Feni zako zinapuliza joto juu ya joto," Mayunga, fundi magari wa jirani, alimwambia akiwa amesimama mlangoni na grisi mpaka kwenye viwiko. "Tia maji, Karani. Injini ni injini."

"Maji kwenye umeme? Unataka shemeji yako awe mjane?"

"Yapite kwenye mpira, bwana! Nani kakwambia uimwagie? Ninayo pampu ya kurushia maji kwenye kioo cha lori. Tunatoboa kipande cha alumini, kinakaa juu ya hiyo prosesa, maji yanakwenda na kurudi. Ila tafuta chombo kinachokaa baridi. Ndoo ya plastiki na jua hili, utasonga ugali humo."

Mayunga akacheka. Novatus hakucheka, kwa sababu alikuwa ameukumbuka mtungi.

Ulikuwa Kalemela, nyuma ya mji wa bibi yake, Kwandu, aliyekuwa mfumu, mganga wa homa aliyefuatwa na watu kutoka mbali mpaka alipofariki. Walikuwa wameufudikiza, mdomo chini, kama ufanywavyo mtungi wa mfumu aliyekufa: hauvunjwi, haurithiwi, hauinuliwi, unaachwa hapo hadi mvua ziumalize. Novatus alilijua hilo. Lakini alikuwa mtu wa misa na mtu wa shule, na utotoni aliwahi kuligusa tumbo la mtungi ule mchana wa jua kali, akahisi baridi inayopenya hadi mfupani. Akauinua, akaupangusa udongo, akaufunga kwenye kanga, akapanda nao basi.

Mayunga akaupitishia mpira na pampu, maji yakazunguka, na sasa namba ilikuwa thelathini na saba.

"Umeona?" alimwambia mkewe siku ya tatu, uso umemng'aa. "Haijazima hata mara moja."

Felisita aliinama akasoma. "Hilo si joto la mtu? Kliniki walitufundisha. Thelathini na saba ndiyo ya mtu mwenye afya."

"Basi na kompyuta yetu ina afya."

"Maji ya kwenye mtungi yana baridi namna hiyo, na namba hailingani nayo, wala hailingani na mashine." Akajifunga kanga vizuri. "Mimi sipendi."

Siku ya nne maji yalipungua vidole viwili. Novatus alikagua mpira wote kwa tambara kavu, akakagua alumini, akakagua sakafu. Hapakuwa na tone. Akajaza. Alipokuwa anachapa barua ya mteja akasikia nyuma yake sauti ndogo: gluk. Akageuka. Akatulia. Gluk. Haikuwa pampu, pampu ililia kama nyuki. Hii ilikuwa sauti ya koo, ya mtu anayekunywa taratibu akijua hakuna wa kumnyang'anya. Chumba kizima kikanuka udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na nje hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho.

Siku ya tano namba ikasogea. Ikawa thelathini na nane.

Saa hiyohiyo Joyness, binti yao wa pekee, aliyekuwa darasa la kwanza, akarudi shuleni kabla ya wakati akiburuza mkoba. "Baba, kichwa," alisema, akalala sakafuni pale karibu na mtungi, akaukumbatia.

"Toka hapo, mama, utachomoa mpira."

"Ananiambia nikae."

"Nani?"

Mtoto akafumba macho.

Zahanati walimtoboa kidole, wakatazama damu. Malaria hakuna. Kipimo cha kwapani kikasema thelathini na tisa, wakampa dawa ya kushusha homa. Novatus alimbeba mgongoni, akamlaza, akapita chumba cha mbele kuchukua kikombe, na jicho lake likaangukia kona ya kioo. 39. Alisimama na kikombe mkononi. Akajiambia namba ni namba tu, zinagongana, dunia imejaa thelathini na tisa. Kisha, kwa sababu alikuwa fundi na fundi hawezi kuacha jambo bila kulijaribu, akafungua ile kazi nzito, mitihani na picha pamoja, na namba ikasogea mbele ya macho yake, arobaini, arobaini na nusu, na kutoka chumba cha nyuma mtoto akapiga ukelele ambao hajawahi kuusikia kwa mtoto wala kwa mnyama.

"Funga!" Felisita alipiga kelele bila kujua anachokiamuru. "Chochote unachofanya huko, funga!"

Alifunga kazi. Ukelele ukashuka ukawa kilio, kilio kikawa kwikwi. Novatus akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya: akaizima mashine kabisa, akachomoa na waya ukutani.

Nyumba ikawa kimya, kimya cha ajabu, na ndani ya kimya kile akasikia gluk, gluk, gluk, sasa kwa pupa, kwa njaa, na alipofika chumbani Felisita alikuwa amemnyanyua mtoto mapajani na midomo ya mtoto imekuwa ya majivu, ngozi yake baridi kama samaki aliyetoka majini, kifua hakipandi, hakishuki, na mama anamsugua kwa viganja vyote viwili akirudia jina lake kama mtu anayepiga mlango uliofungwa.

"Washa," Felisita alinong'ona. Halafu kwa nguvu zote: "Novatus, washa! Washa!"

Alianguka mlangoni, akainuka, akachomeka, akabonyeza. Feni ikakohoa, ikazunguka. Chumbani Joyness akavuta pumzi ndefu.

Toka hapo haikuzimwa. Felisita alipanda basi la kwanza la alfajiri kwenda Kalemela kumtafuta Nyanjige, mama mzee aliyemtumikia Kwandu na kujifunza kwake. Novatus alibaki kati ya vyumba viwili, sikio moja kwenye feni, jingine kwenye pumzi. Hakuchapa herufi. Hakugusa kitufe, maana kila kazi aliyoipa mashine ilikuwa moto kwenye mifupa ya mtoto, na kuizima ilikuwa barafu. Wateja waligonga, akawaambia pameharibika. Hakudanganya.

Saa sita na nusu mchana wakaingia. Nyanjige alikuwa mwembamba, miguu imejaa vumbi, na hakusalimia kama watu wanavyosalimiana. Alisimama kizingitini akanusa.

"Mwadila, mayu," Novatus alimwamkia kwa Kisukuma, kama amwamkiavyo mama.

"Usinipe mwadila. Ni nani aliyeuinua mtungi?"

"Mimi, mayu."

"Wewe, mjukuu wake. Msomi." Akamcheka usoni bila furaha, kisha akauzunguka mtungi kwa mbali kama mtu anavyomzunguka nyoka aliyelala. "Unajua Kwandu alivyotibu homa? Aliyemo humu ndiye aliyekula joto la wagonjwa. Jini la ziwani hilo, yeye alilifunga. Lakini linalokula lazima litapike. Kila jioni alilitajia mahali: peleka kwenye jiwe, peleka kwa mbuzi, peleka kwenye mti ule. Wewe umelilisha moto wa mashine siku sita. Umelitajia wapi?"

"Sikulitajia kitu."

"Basi limechagua lenyewe."

Felisita akaanguka magotini. "Tulete mbuzi, mayu. Yupo kwa jirani. Hata ng'ombe."

"Mbuzi angefaa siku ya kwanza. Sasa limeonja damu ya Kwandu, halitashuka kwa mbuzi. Na tukiufudikiza mtungi kabla halijakubali mahali pengine, tunalifunga pamoja na mtoto. Mtamzika kesho." Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza njia. "Linataka damu ileile."

"Linichukue mimi," Felisita alisema. "Mimi ni mama yake."

"Wewe ni wa kuolewa, mwanangu. Halikujui."

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Redio ya jirani ilinyamaza katikati ya wimbo. Chini ya meza betri ya akiba ikaanza kulia, piip, piip, na Novatus, aliyeinunua imechoka tayari, alijua ina dakika nane, labda saba. Mayunga, aliyekuwa amesimama dirishani kwa huruma na kwa udadisi, alisema, "Jenereta iko parokiani, Karani, naifuata," na miguu yake ikasikika ikikimbia. Lakini parokia ilikuwa ng'ambo ya soko, na jenereta ile ilihitaji watu wawili kuibeba.

Piip. Piip. Harufu ya mvua ikajaa mpaka ikaingia kinywani, na maji ya mtungi yakaanza kuzunguka yenyewe, polepole, kuelekea kushoto, na chumba cha nyuma Joyness akaanza kuongea kwa sauti nene iliyotulia, akisema kwa Kisukuma asichokijua vizuri kwamba ana baridi, kwamba miaka mingi amelala mdomo kwenye udongo, kwamba mtoto ni mtamu na hataki kumwacha. Na Novatus, aliyekuwa amesali rozari usiku kucha bila kupata hata usingizi, alihisi sala zote zimemwishia kama mafuta kwenye taa, hakuna lililobaki ila mikono yake miwili, mikono iliyokata bati na kupaka dawa na kuuinua mtungi, na kabla woga haujapata nafasi ya kumshauri akapiga magoti, akauzamisha mkono wa kulia ndani ya maji mpaka kwenye bega.

"Niseme nini, mayu?"

"Sema unachokubali. Sema mwenyewe."

"Njoo kwangu," Novatus alisema. "Mwache. Kaa kwangu."

Kitu kikamshika kiganja. Kilikuwa na vidole, vidogo, vingi kuliko vya mtu. Halafu moto wa siku sita ukapanda mkono, ukapita kifuani, ukafika nyuma ya macho, akapiga yowe lisilotoka, na nyuma ya moto ikaja baridi ikajaza pale pote moto ulipopita, ikatulia, ikajikunja kama mbwa anapopata pa kulala.

"Sasa!" Nyanjige alisema. "Fudikiza!"

Novatus akaugeuza. Maji yakamwagika sakafuni, machache sana, kikombe kimoja tu. Betri ikalia mlio mmoja mrefu, kioo kikawa cheusi, feni zikasimama.

Wote wakasikiliza.

"Mama," Joyness aliita kwa sauti yake ndogo iliyokwaruza. "Nataka uji."

Felisita alilia kwa sauti, akakimbia. Nyanjige hakuondoka mara moja. Alimtazama Novatus aliyekaa sakafuni, akataka kumshika bega, akaurudisha mkono.

"Kaa juani," alimwambia. "Kaa juani kila siku, linywe joto la jua. Usikae na watu chumba kimoja."

"Mpaka lini?"

Mama mzee akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akatoka.

Alasiri ile Novatus alikaa nje, mgongo ukutani, juani, akitetemeka. Mayunga alirudi bila jenereta, akamletea chai inayotoa mvuke. Ilipofika mdomoni ilikuwa imeganda utando juu, baridi kama maji ya kisima. Mayunga aliona. Akaaga haraka, bila utani.

Jua lilipoinama mlango ukafunguka na Joyness akatoka mbio, uji bado kidevuni, mikono amefungua kama alivyofungua kila jioni ya maisha yake. "Baba!"

"Usiniguse!"

Hakuwahi kumfokea. Mtoto akasimama, mikono bado wazi. Felisita alifika nyuma yake, akamtazama mumewe, akatazama kile kikombe cha chai, akaelewa. Akambeba mtoto anayerusha miguu, akaingia naye ndani, na Novatus akasikia komeo likisukumwa taratibu, kwa mkono wa mtu asiyetaka kulisukuma.

Viganja vidogo vikaanza kupiga mbao kwa ndani. "Baba, ingia. Baba, jua linazama, ingia."

Novatus alinyanyuka. Akahama, hatua moja, hatua tano, hatua kumi, mpaka kwenye ua wa minyaa, akazidi kwenda. Si kwa sababu ya kilio. Ni kwamba pale ukutani alianza kulihisi joto la mwanawe likipenya mbao za mlango na kumjia usoni, kama harufu ya chakula inavyomjia mtu aliyeshinda njaa, na lilikuwa tamu.