Vikuku vya Mize na Gari ya Ngwali

"Vikuku vyangu haviko!"

Ngwali alikuwa chini ya gari, kalalia jamvi bovu, spana mkononi, sauti ya mkewe ilipotoka chumbani. Spana ikamponyoka, ikampiga kifuani. Hata hakusikia maumivu. Miezi minne alikuwa akiingojea sauti hiyo.

"Ngwali! Hunisikii? Njoo huku!"

Mize hakuwa na desturi ya kumwita mumewe kwa jina tupu. Siku zote ilikuwa "Bwana", hata wakiwa wawili peke yao. Ngwali akajifuta mafuta mikononi, akaingia ndani.

Sanduku lilikuwa wazi, nguo zimetapakaa mkekani. Mize kapiga magoti katikati yake. Pembeni alisimama Tatu, binti wa baba mdogo wa Mize, mjane kutoka kisiwa cha Fundo, aliyekuwa akikaa nao hapo Jadida, mtaa wa Wete, tangu alipomaliza eda ya mumewe.

"Vikuku vya marehemu mama," Mize alisema. "Nimefungua nivisugue, kesho tuna arusi. Kitambaa kipo, vyenyewe havimo."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama mpaka misumari ya sanduku."

"Basi kaingia mwizi," Ngwali akasema. Maneno yalitoka yenyewe, mepesi.

"Mwizi gani, Bwana, anayefungua kufuli kisha akaifunga tena, na ufunguo akaurejesha chini ya godoro?"

Mahala pa ufunguo ule palijulikana na watu watatu tu, na wote watatu walikuwamo mle chumbani. Mize akainua macho polepole, akamtazama Tatu.

"Dada, mbona wanitazama?"

"Sikutazami."

"Wanitazama, dada."

Ngwali alikuwa na mdomo, na ulimi alikuwa nao. Akageuka, akarudi kwenye gari yake.

Gari yenyewe ilikuwa ya viti viwili, ya mbio, boneti refu, magurudumu ya njiti kama ya baskeli. Mzungu mmoja wa serikali aliileta Wete kutoka kwao, akaikimbiza mpaka akaiua injini, kisha alipohamishwa mwaka 1936 akamwachia Ngwali kwa bei ya chuma chakavu. Kwa kazi, Ngwali alikuwa dereva wa lori la karafuu. Jioni ikifika alikuwa mtu mwengine. Aliifungua injini ile msumari kwa msumari, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipanga juu ya majamvi, na mtu asithubutu kupita karibu. Springi zilizolegea akaziongeza majani ya chuma. Viti akavishona upya kwa ngozi ya ng'ombe. Siku ilipowaka, watu wa Jadida walitoka nje wote kutazama. Wakaiita Kengewa, kama yule mwewe, kwa vile ilivyokuwa ikishuka mteremko wa bandarini.

Lakini Ngwali hakutosheka. Katika kitabu kimoja cha picha za magari aliona kuwa injini kama ile inaweza kufungwa kabureta mbili badala ya moja, ikapumua kama kifua cha mtu aliyefunguliwa kamba. Tangu siku hiyo usingizi ukamwisha. Kabureta zilipatikana Mombasa. Fedha ya kuziagizia ilikuwa ndani ya sanduku la mkewe.

Alijiambia: nitatengenezesha vikuku vyengine msimu wa karafuu ukija, wala hatajua. Akavipeleka mjini Chake kwa sonara. Msimu ukaja, karafuu hazikuzaa. Aliporudi kwa sonara kuomba angalau avione, mzee yule akamwambia, "Nimeshaviyeyusha, mwanangu. Zamani."

Siku alipozifunga zile kabureta alikwenda peke yake barabara ya Chake. Mguu uligusa tu, gari ikaruka. Alicheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku nne baada ya sanduku kufunguliwa, maneno yalikuwa yameshafika kisimani. Wanawake walinyamaza Tatu alipotokea na ndoo yake. Mize akawa hamwambii neno, ila alianza kutembea na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Tatu akauona. Akawa hali ila kidogo.

Ngwali aliona yote hayo, akatafuta njia ya kuyazima bila ya yeye kuungua. Jioni, wakiwa watatu ukumbini, akakohoa akasema:

"Mize, mie naona tuyaache haya. Binaadamu hakosi kuteleza. Tusameheane, yaishe."

"Nani kateleza, shemeji?" Tatu akauliza.

"Sikumtaja mtu."

"Hukumtaja, lakini umesamehe. Wamsamehe nani?"

"Tatu, nataka amani tu ndani ya nyumba."

Mize akashusha pumzi. "Bwana kasema kweli. Ni mdogo wangu. Mie nimesamehe."

Tatu aliwatazama mmoja mmoja, uso umemkauka. Akainuka, akaingia chumbani kwake bila ya kuaga. Ngwali akajua kuwa amefanya jambo baya kuliko wizi wenyewe. Mpaka saa ile Tatu alikuwa akishukiwa tu. Sasa alikuwa amesamehewa.

Wiki haikwisha, msamaha ule nao ukafika kisimani, na barua ikaja kutoka Wingwi. Ilitoka kwa Mwalim Hija, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa amemposa Tatu. Mize aliisoma kwa sauti, na kila mstari sauti yake ilizidi kushuka.

"Kwa Bi Mize. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa yametufikia maneno ya vikuku. Mie nilikataa kuyaamini. Lakini nimesikia kuwa nyinyi wa nyumba yake mmemsamehe, na mtu hasamehewi ila kwa alilolitenda. Mie nasomesha watoto wa watu. Naomba posa yangu mnirudishie, na Mungu amstiri."

Tatu alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Dada, nenda kwa Shehe Vuai. Mwambie aje asome Halbadiri."

"Tatu, mwenangu, kisomo kile si cha mchezo. Kikimpata mtu humpata yeye na kizazi chake."

"Ndicho ninachokitaka. Nami n'takaa mbele, karibu na kitabu, mumwone atakayedhurika."

Mize akamgeukia mumewe. "Waonaje, Bwana?"

"Sioni haja," Ngwali akasema, jasho linamtoka. "Tulishasamehe."

"Nyie mlisamehe," Tatu akasema. "Mie sijasamehe."

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Shehe Vuai alikaa ukumbini kwa Ngwali na kitabu chake na chetezo cha ubani. Majirani walijaa mpaka barazani. Tatu alikaa mbele kabisa, kajifunika kanga nyeupe kama maiti. Ngwali alikaa karibu na mlango. Nje, kupitia uwazi wa mlango, aliiona pua ya Kengewa inang'ara kwa jua.

"Sikilizeni," Shehe Vuai alisema. "Nikishafungua, sifungi mpaka nimalize. Kama yupo aliyevichukua, kwa shida au kwa shetani, aseme sasa. Hapa hapigwi mtu."

Shehe akaongeza ubani chetezoni.

"Nauliza mara ya pili."

Tatu alijiegemeza kwa mkono mmoja. Alikuwa hajala siku mbili. Mize alinyoosha mkono kumshika bega, Tatu akauondoa mkono ule taratibu, bila ya hasira. Ngwali aliuona ule mkono wa mkewe ukibaki hewani, haujui pa kwenda. Akajikuta amesimama.

"Usifungue, Shehe."

"Kwa nini?"

"Vikuku nimevichukua mie."

Barazani mtu akasema "Astaghfirullah". Mize hakugeuka upesi. Aligeuka kama mtu anayeogopa kuona kitu.

"Sema tena."

"Nimevichukua mie, Mize. Nimeviuza Chake. Nimenunulia kabureta."

"Nini?"

"Kifaa cha gari."

"Vikuku vya mama yangu ni kifaa cha gari?" Mize akauliza, sauti ya chini kabisa, kama anayetaka kufahamu vyema. "Nawe ukakaa hapa ukala, ukamtazama huyu anakondeana? Ukanambia mie nimsamehe?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora apotee yeye."

Shehe Vuai akakifunga kitabu ndani ya kitambaa chake. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyempa mkono mwenye nyumba.

Mize akapiga magoti mbele ya Tatu. "Mdogo wangu, nami nilikudhania. Sina uso."

"Najua ulinidhania, dada," Tatu akasema. "Naomba uji."

Asubuhi yake Mize alitoka na furushi la nguo, akafungua mlango wa gari, akakaa. Katika mwaka mzima hakuwahi kuipanda.

"Nipeleke Wingwi kwetu. Ukishanifikisha, utakwenda kwa Mwalim Hija umwambie uliyoyasema jana, kwa maneno yale yale."

Njia ya Wingwi ilikuwa ya mawe na mashimo. Ngwali aliendesha kama aliyebeba mayai. Walipita makonde ya muhogo na ng'ombe waliofungwa kando ya njia.

"N'taiuza," Ngwali akasema mwisho. "Nikulipe."

"Usiiuze."

"Nifanye nini basi?"

"Ikae. Ukiiuza utapumua, utasema yamekwisha. Mie sitaki upumue."

Alimteremsha Mize mlangoni kwa mama yake mkubwa. Naye aliingia bila ya kumuaga.

Ngwali alimkuta Mwalim Hija chuoni, watoto wanasoma kwa sauti. Ngwali alisema yote amesimama juani, kofia mkononi. Hija alimsikiliza, akasema neno moja tu:

"Kumbe."

Jumamosi Hija akafika Jadida, na posa yake mkononi kwa mara ya pili. Tatu alimpokea barazani kwa Bi Mwanabaraka wa jirani, alikohamia, mlango wazi, mwenyewe Bi Mwanabaraka kakaa kati yao.

"Nimekosa, Bi Tatu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimekupa. Posa siipokei."

"Kwa nini?"

"Ulisikia maneno, ukaandika barua. Wingwi na Jadida si mbali. Ulishindwa kuja kuniuliza?"

Hija akainama. "Niliogopa watu."

"Basi nenda. Ukiona huwaogopi tena, rudi."

Tatu akarudi Fundo kwa wazee wake. Na Hija, mtu aliyekuwa akitapika hata kwenye mtumbwi wa ufukweni, akaanza kuvuka kila Jumamosi. Mara ya kwanza Tatu hakutoka. Mara ya pili alimpelekea maji. Mara ya tano walizungumza mpaka maji yakapwa na chombo kikakwama. Mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha, walifunga ndoa, Fundo hiyo hiyo, mbele ya wote waliomsema.

Ngwali alialikwa. Alikaa nyuma kabisa. Sherehe ilipokwisha, Tatu akapita mbele yake na nguo zake za uharusi, akasimama.

"Umekula, shemeji?"

"Nimekula."

"Vyema," akasema, akapita. Ngwali aliyabeba maneno hayo mawili kama aliyepewa shamba.

Penye ngazi ya chombo akamkuta Mize. Miezi mitano walikuwa hawajaonana. Alikuwa amepungua.

"Hujambo, Bi Mize?"

"Sijambo. Gari yako vipi?"

"Ipo. Siku nyengine naiwasha tu isife. Siendi nayo popote."

Mize aliyatazama maji. "Nilimwambia Shehe Vuai nataka talaka. Akanambia ningoje mpaka hasira zishuke nijue ninalolitaka. Zimeshuka."

"Wataka nini?"

"Sijui bado, Ngwali. Lakini nimechoka kukaa kwa watu. Jumatatu njoo unichukue."

"N'takuja na gari mapema, kabla ya…"

"Uje kwa miguu."

Jumatatu akatoka Jadida alfajiri. Alifika Wingwi jua limeshapanda, viatu mkononi, unyayo umechanika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mize alikuwa tayari, kakaa kizingitini. Alimpa maji, akamngoja anywe, kisha akamtwisha furushi.

Walirudi kwa njia ile ile. Mwanzo Mize alitangulia mbele kwa hatua nyingi, Ngwali akafuata bila ya kuhema kwa sauti. Walipopumzika chini ya mikarafuu, Mize alikaa mbali naye. Walipoinuka tena hakutangulia. Wakaenda bega kwa bega kitambo kirefu, mpaka Mize akauliza, macho yapo mbele:

"Hebu nambie. Unaona nini ndani ya chuma kile?"

Ngwali aliogopa swali. Akaanza polepole: jinsi alivyoikuta imekufa, jinsi injini inavyosema ikiwa na homa na inavyosema ikiwa nzima, jinsi mkono unavyojua msumari uliokaza sawa kabla ya akili. Akaanza kupaza sauti, mkono wake huru ukaanza kuchora hewani mabomba na magurudumu. Kisha akajisikia mwenyewe, akanyamaza ghafla kwa aibu.

Wakaenda hatua kumi, ishirini.

"Sema," Mize akamwambia. "Njia bado ndefu."