Nywila ya Siku ya Usaili

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Kiroboto ilikuwa ileile: kuokota pini zilizoanguka, kisha kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo la Kiroboto alipewa nyumbani kwa sababu, tangu alipojua kutembea mpaka sasa akiwa na miaka kumi na miwili, hakuna aliyewahi kumwona ametulia.

Jumamosi hiyo nyumba nzima ilikuwa roho juu. Saa nne dada yake alikuwa na usaili wa kujiunga na chuo cha uuguzi, na walimu wa chuo wangemhoji kwa simu, wakionana uso kwa uso kupitia waifai ya nyumbani. Mwaka uliopita alikosa nafasi. Akikosa na safari hii, angesubiri mwaka mwingine mzima. Mtandao wa kawaida wa simu pale kwao ulikuwa wa kubahatisha. Ukitaka kusikilizana na mtu sharti usimame mlangoni, na picha ndiyo haikupita kabisa.

"Kiroboto, hebu nichomekee simu kwenye chaji," Dada alisema huku akipiga pasi blauzi yake nyeupe. "Uichomeke tu, usiichezee!"

"Nimesikia, Dada."

Kusikia alisikia. Lakini simu ilipoingia mkononi, vidole vikamwasha. Alifungua mchezo wa magari, nao ukawa unakwamakwama. Akakumbuka maneno ya rafiki yake wa darasani, kwamba mchezo ukikwama unaingia kwenye mipangilio na kufuta mitandao yote, halafu simu inakuwa nyepesi. Simu ilimuuliza kama ana hakika. Alibonyeza ndiyo bila hata kumaliza kusoma.

Alama ya waifai ikatoweka. Kiroboto alipoigusa ili irudi, simu ilimwandikia: weka nywila. Nywila gani tena? Aliichomeka simu kwenye chaji, akashika ufagio na kuanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Haukupita muda akasikia ukelele.

"Mama! Mama yangu wee! Waifai imekwenda wapi?"

Mama alitoka chumbani mbio, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, macho yamemtoka.

"Inataka nywila! Mimi siijui. Fundi ndiye aliyeiingiza siku aliyotufungia."

"Basi wewe Kiroboto, uliyekuwa hapa," Mama aliuliza, "umeona nini?"

Ulimi ulitangulia akili. "Kile kisanduku cha waifai kilizima chenyewe, Mama. Halafu kikawaka tena."

Mama alichukua simu yake ndogo ya vitufe, akaenda kusimama mlangoni na kumpigia fundi wa waifai. Sauti ya fundi ilisikika mpaka ndani, maana simu ile haikujua kunong'ona.

"Nywila za wateja mimi sizitunzi, mama. Uliichagua mwenyewe. Lakini umesema kisanduku kilizima chenyewe?"

"Mtoto ndivyo alivyoona."

"Basi kimechanganyikiwa. Nyuma yake kuna kitundu. Chukua sindano, bonyeza humo, hesabu mpaka kumi, huenda kikazinduka. Ila sikiliza, mama! Kama ni kizima, usithubutu. Utafuta kila kitu, na hakitafanya kazi mpaka nije mwenyewe, nami leo siwezi kufika kabla ya alasiri."

Dada aliketi sakafuni na blauzi yake iliyonyooshwa, akaanza kulia. "Mwaka mwingine, Mama. Nitakaa mwaka mwingine."

"Nyamaza, mwanangu. Fundi amesema kitazinduka." Mama aliitoa sindano nene ya kushonea jinzi, akakigeuza kisanduku na kukitafuta kitundu.

Kiroboto alimtazama dada yake, akaitazama sindano. Kisanduku hakikuwa na kosa lolote, na yeye peke yake ndiye aliyelijua hilo. Ncha ya sindano ikagusa kitundu.

"Mama, usibonyeze!" Alijishtukia amepiga kelele. "Hakikuzima! Nilidanganya. Ni mimi niliyefuta mitandao kwenye simu ya Dada!"

Mama alibaki ameshika sindano hewani, mdomo wazi. Dada aliacha kulia ghafla, akamkodolea macho mdogo wake kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila hodi.

"Wewe?" alisema. "Umeniona nalia, ukanitazama tu?"

Kiroboto aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka.

"Kilio baadaye," Mama alisema, akaichomeka sindano kwenye mto wa pini. "Kama kisanduku ni kizima, kinachotakiwa ni nywila tu. Siku ile fundi aliniambia nitaje tarakimu nane nisizoweza kusahau. Nilikuwa nafanya nini siku ile?" Alifumba macho. Mara akajipiga kipaji cha uso. "Nilikuwa nashona gauni lako la shule, Kiroboto! Nikamtajia vipimo vyako: mabega, kifua, kiuno, urefu!"

"Vitaje basi, Mama!" Dada alidakia.

"Ningevijulia wapi? Vya wateja huwa naviandika. Vya mwanangu niviandikie nini, na mwenyewe ninaye hapa? Simama wima, wewe!"

Tepu ikazunguka mabegani, kifuani, kiunoni. Dada aliingiza tarakimu zote. Simu ikakataa.

Mama aliitazama tepu, akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ala! Umekua hivi lini, na mimi nakuona kila siku?"

"Gauni halijakua," Kiroboto alisema kwa sauti ndogo. Akakimbia chumbani, akarudi nalo.

Mama alilitandaza juu ya meza. Mabega yalikuwa inchi kumi na tatu. Kwenye kifua na kiuno alipunguza inchi mbilimbili, zile anazowaachia watu wote za kupumulia. Akapima urefu. Dada akaingiza, simu ikakataa tena. Ilikuwa imebaki dakika chache kufika saa nne.

"Basi," Dada alisema. "Imeshakwisha hiyo."

Kiroboto aliinama juu ya gauni. Yeye ndiye aliyelivaa kila siku, na yeye ndiye aliyechekwa shuleni lilipompanda magotini, mpaka Mama akaukunjua upindo. Kidole chake kilifuata mstari mweusi uliozunguka sketi karibu na chini. Juu ya mstari kitambaa kilikuwa kimepauka kwa jua. Chini yake kilikuwa bado kipya.

"Mama, pima mpaka hapa. Gauni lilikuwa linaishia hapa."

Mama alishusha tepu mpaka kwenye mstari. "Thelathini na nne!"

Dada akaandika. Alama ya waifai ikachomoza juu ya kioo. Watatu hao walitazamana, kila mmoja akiogopa kupumua isije ikapotea, na papo hapo simu ikaanza kuita. Dada alifuta machozi kwa kiganja, akaketi mbele ya ukuta mweupe na kupokea.

"Habari za asubuhi, walimu wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia.

Mama alimshika Kiroboto mkono, wakatoka hadi barazani.

"Utanipiga, Mama?"

"Bado nimeshtuka, sina nguvu za kumpiga mtu," Mama alisema, akaketi. "Nisikilize. Kufuta mitandao lilikuwa kosa la dakika moja, na ungesema papo hapo tungepima gauni tukanywa na chai. Uongo wako ndio ulionipa sindano mkononi. Fundi alinishauri kwa uongo wako, na mimi nikaufuata. Nusura nimharibie dada yako kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani namsaidia. Ukikosea, sema mapema. Hata kama ni aibu, sema, ili sisi tunaokuamini tusije tukaharibu zaidi."

"Nimekosa, Mama. Sitarudia."

"Mwenye kuombwa radhi yuko ndani. Msubiri."

Kiroboto alikaa kwenye ngazi ya baraza na kusubiri, mikono mapajani, bila kuinuka hata mara moja. Mlango ulipofunguliwa, Dada alitoka akitabasamu huku machozi yanamtiririka.

"Wamenipokea! Wamesema niripoti mwezi ujao!"

Mama alipiga kigelegele. Kiroboto aliinuka lakini hakuruka kama ilivyo kawaida yake. Alimsogelea dada yake na kumshika mkono.

"Dada, nisamehe. Nilikuona unalia, nikanyamaza."

Dada akamvuta kifuani. "Ulichelewa kusema," alisema. "Lakini ulisema."