Masizi Usoni mwa Stéphanie

Ngoma ilikuwa imeshawekwa mchangani, wapigaji wanakunywa maji, na bado ililia polepole, peke yake. Mama Emilienne, muuza samaki kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, aliisikia. Wazungu wa sinema hawakusikia kitu. Kiburi kilikuwa kimewaziba masikio.

Walikuja Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, kupiga sehemu ya pili ya filamu yao ya kutisha. Katika ile ya kwanza, weusi wote walikufa kabla mtazamaji hajamaliza bisi zake. Hii ya pili, muongozaji alieleza kwa unyenyekevu wa kujifanya, ilikuja kuomba radhi: safari hii mweusi hafi, ndiye pepo mwenyewe. Radhi gani hiyo! Wakamchagua Stéphanie, binti pekee wa Emilienne, wakampaka masizi mpaka akawa mweusi kuliko chungu, eti pepo atambulike.

Emilienne hakuweza kunyamaza. Kupitia kwa Parfait mkalimani, aliyecheka kila mzungu alipocheka, alimwambia muongozaji kwamba hajui kitu. Kando ya Mweru, mtu anayepandwa na ngulu, pepo wa maji na mawe, hupakwa pemba, ule udongo mweupe, na ngulu humjua mtu wake kwa weupe huo. Muongozaji alifurahi kama mtu aliyeokota almasi. Akaamuru binti aoshwe, apakwe pemba, na wanakijiji walale chali wakipiga makofi, heshima ambayo Wabemba humpa chifu na ngulu. Mdomo uliponza kichwa.

Sasa, katika jua kali la saa tisa, upepo ulikatika, harufu ya matope ya chini ya ziwa ikapanda mpaka ikafunika ile ya samaki wa kukaushwa, na Stéphanie, mweupe tangu paji hadi nyayo, akaanza kupiga miayo mirefu isiyokuwa yake, mmoja juu ya mwingine, huku mabega yakimtetemeka.

"Mama," alinong'ona, "kuko mutu anasukuma mu kifua yangu."

Emilienne aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Binti akishapandwa, shule yake, ndoa yake, hata usingizi wake, vyote ni vya ngulu mpaka kaburini. Akavua kitenge chake cha juu, akamfuta ile pemba, akakwangua masizi ya sufuria ya wapishi, akampaka mwanawe usoni kwa mikono yake mwenyewe, masizi yale yale aliyoyatukana asubuhi, huku akilia kwa hasira. Miayo ikakoma.

Ngoma haikukoma. Mchanga ulibonyea unyayo kwa unyayo katikati ya watu waliolala, kitu kikitafuta mweupe wake, kikapita kamera, kikasimama mbele ya muongozaji, ambaye kwa kuogopa jua alikuwa amejipaka krimu nzito nyeupe uso mzima na shingo. Muongozaji akapiga mwayo.

Alipoanguka na kusema Kibemba kwa sauti ya bibi kizee, wenzake walimpigia makofi. Walidhani anawafundisha kuigiza. Parfait hakucheka. Alimkimbilia Emilienne, aliyekuwa akiondoka na binti yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kitu kile kitafukuzwa namna gani.

"Ngulu habaifukuzaka, papa," alisema Emilienne bila kusimama. "Tangu leo eko mutu ya hapa. Mumutafutie mukeka. Harudi tena kwabo."