Kanga Iliyotoka Sandukuni

"Na hii je?" Mama Selemani alitia mkono chini kabisa ya sanduku. "Hii nimeificha makusudi, iwe ya mwisho."

Chumba kizima cha akina mama kikatulia. Magauni yalishapita, viatu vilishapita, hata sabuni ya kuogea ilishainuliwa juu na kupigiwa vigelegele, maana mwaka ule wa sabini na tano sabuni haikuwa jambo la mchezo hapa Tabora. Sasa mama wa bwana harusi akakunjua doti ya kanga, nyeusi na rangi ya udongo, akaitandaza kifuani.

"Haijaingia dukani! Kaichora mwanangu mwenyewe. Kiwanda cha Dar es Salaam kimemletea ya kwanza kabisa. Someni jina!"

Mmoja akasoma kwa sauti: "Mke ni nguo, mgomba kupalilia."

Vigelegele vikalipuka. Bibi harusi mtarajiwa, Amne binti Mfaume, alikuwa kwenye mkeka, kajitanda, macho chini kama alivyofunzwa. Aliposikia "kaichora mwenyewe" akayainua. Akaitazama ile kanga, kisha akaitazama tena.

"Mama, naomba hiyo kanga."

"Pokea, mwanangu. Ni yako."

"Ndiyo, mama. Ni yangu kweli. Niliichora mimi."

Shangazi yake Amne akamfinya paja.

"Meza, mwanangu. Utasema kesho."

"Kesho lini, shangazi? Kesho nitakuwa mkewe."

Mama Selemani akasimama, mikono kiunoni. "Unamwita mwanangu mwizi? Siku ya sanduku lake?"

"Mama, sijakuvunjia heshima. Nakuuliza tu. Hilo sinia la pilau lililo mbele yako, limefunikwa na nini?"

Wote wakageuka.

Niwaeleze hapa, msije mkapotea. Amne alikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu, Dar es Salaam, idara ya sanaa. Alikuja nyumbani, mtaa wa Gongoni hapa Tabora, kufanya utafiti wa kazi yake ya mwisho. Alizunguka vijiji vya Usoke akinakili nakshi za shingo za vyungu, zile ambazo bibi zetu walizichora tangu zama za misafara, wakati Wanyamwezi walipokwenda pwani na kurudi kwa miguu. Nakshi hizo akazichonga kwenye mbao, na mbao akazijaribishia kwenye vipande vya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Na shangazi mtu, katika mwaka wa uhaba kama ule, angetupaje kitambaa? Kila kipande kilichoharibika alikipindia ukingo kikawa kawa ya kitambaa ya kufunikia chakula.

Kwa hiyo masinia yote ya wageni, kutoka mlangoni hadi ukutani, yalikuwa yamevaa pindo lile lile. Hapa wino umemwagika, pale limekwenda upande, kwenye sinia la mwisho limenyooka. Na katikati, kwa herufi kubwa, jina ambalo Amne alilichagua mwenyewe: MZIGO WANGU NAUBEBA MWENYEWE.

"Mayo! Mama wee!" mwanamke mmoja akashika mdomo. "Limefanana."

"Halijafanana, mwenzangu," akajibu jirani yake. "Ndilo lenyewe."

Amne alikwishainuka. Shangazi akamkamata nguo.

"Unakwenda wapi? Nje kuna wanaume!"

"Ndiko aliko."

Akatoka. Bibi harusi mzima, siku ya sanduku, akatokea barazani kwa wazee wenye kanzu na kofia. Mzee Mfaume, baba yake, kikombe cha kahawa kikamganda mkononi.

"Amne!" Selemani akaruka. Alikuwa Afisa Utamaduni wa mkoa, kijana wa suruali yenye mkunjo na maneno yenye mkunjo vilevile. "Umetokaje nje?"

"Kwa mlango."

"Mpenzi, twende tukaongee pembeni."

"Mchoro wangu hukuupeleka pembeni. Nilikuachia uutunze nikienda vijijini, usilowe na mvua. Imekuwaje mchoro umefika kiwandani kwa jina lako?"

Selemani akaiona ile kanga mkononi mwa Amne. Akatazama dirisha la akina mama, akaelewa kwamba mama yake alipekua kabati, akaikuta na barua ya kiwanda.

"Yalikuwa mashindano ya kanga ya Saba Saba," alisema polepole. "Mkoa ulitakiwa kupeleka kitu. Kilichokuwepo ni kile. Na hata hivyo, mimi na wewe si tutakuwa kitu kimoja? Jina langu, jina lako, tofauti iko wapi?"

"Kama hakuna tofauti, ungeandika langu."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Selemani akavuta kifua, akaingia kwenye sauti ya mikutano.

"Amne, huu ni wakati wa Ujamaa. Sanaa ni mali ya umma. Ubinafsi wa kusema 'changu, changu' tuliuacha kwa wakoloni."

"Basi ungeandika 'Umma'. Mbona uliandika Selemani?"

Hapo wazee hawakuficha tena. Lakini Amne hakucheka. Alimpenda mtu huyu, tena alimpenda vibaya. Kila likizo, treni ilipokaribia Tabora alikuwa anatoa kichwa dirishani kumtafuta yeye kwanza, baba yake baadaye.

"Mwezi ujao nasimama mbele ya walimu na kazi hii," alisema. "Kanga ikitangulia sokoni kwa jina lako, wataniambia nimenakili. Nitafelishwa, Selemani. Miaka yote hiyo, nirudi nyumbani mikono mitupu."

"Na ukirudi nyumbani, ubaya uko wapi? Si utakuwa kwangu?"

Alilisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana liliuma. Machozi yakamtoka Amne, hakuyafuta.

"Kumbe ndicho ulichotaka."

Selemani akapiga hatua moja kumsogelea.

"Selemani!" Mama yake alikuwa mlangoni, na mkononi ameshika kile kitambaa cha sinia, bado kinanukia pilau. "Nijibu mimi niliyekuzaa. Ulichora, hukuchora?"

"Mama, jambo hili lina maelezo marefu..."

"Ulichora?"

"Sikuchora."

"Nimepigiwa vigelegele mbele ya wanawake wa Gongoni kwa kitu cha wizi? Badrudin ana simu dukani kwake. Nenda kakanushe. Sasa hivi, nami nakufuata nyuma."

Wakaenda. Selemani mbele, mama yake nyuma, Amne na shangazi, na nusu ya wageni. Badrudin mwenye duka hakuuliza kitu. Alisogeza mizani, akazungusha simu, akaomba kiwanda cha Dar es Salaam. Ilipopatikana akampa Selemani mkonga.

"Halo. Hapa Afisa Utamaduni, Tabora," Selemani akanong'ona. "Ule mchoro wa kanga... si wangu."

"Sikusikii, Tabora! Paza sauti!"

"Nasema si wangu."

"Hakisikiki kitu!"

Badrudin akajiegemeza kwenye kaunta. "Bwana Selemani, simu ya Dar ni ya kupiga kelele. Ukinong'ona hivyo, hata mimi niliye hapa sikusikii."

Selemani akafumba macho. Kisha akapiga ukelele uliosimamisha baiskeli barabarani.

"SI WANGU! NILIUCHUKUA! ALIYECHORA NI AMNE BINTI MFAUME, MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU! MSICHAPE!"

"Na jina la kanga je, Tabora? Libaki lile?"

Selemani akamgeukia Amne. Amne akamtajia. Na mwanaume akalipeleka Dar es Salaam kwa mapafu yake yote: "MZIGO WANGU NAUBEBA MWENYEWE!"

Mtaa mzima ukasikia. Wengine waliitikia.

Jioni ile Amne alilifunga sanduku kwa mikono yake, sabuni na viatu vyote ndani, akamkabidhi Mama Selemani akiwa amepiga magoti.

"Nisamehe, mama. Wewe hukunikosea."

"Na kanga?"

"Inabaki."

Shangazi alilia usiku mzima. "Umeua harusi kwa sababu ya kitambaa!"

"Nimekataa kuzikwa nacho, shangazi."

"Basi humpendi."

"Nampenda. Nisingempenda nisingekasirika hivi."

Akapanda treni na mbao zake. Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu wake Wenceslaus, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, aliizunguka kanga iliyochapwa kwa mbao hizo, akasema, "Hii iende kiwandani kama ilivyo." Telegramu ikafika Gongoni: NIMEFAULU. KANGA INATOKA. MSALIMIE KILA MTU. AMNE.

Shangazi alilisoma lile "kila mtu" zaidi ya mara moja. Kisha akaenda kulisomea nyumba ya pili, kwa akina Selemani.

Kanga ilipoletwa Tabora, Amne alikuwa amesharudi na shahada yake. Foleni ya duka la Badrudin ilitoka mlangoni ikakunja kona, wanawake tu, na katikati yao mwanaume mmoja. Badrudin alimwita apite nyuma, kama maafisa wengine. Hakwenda. Walimtania hadi masikio yakamwiva. Mmoja akamwekea mtoto wake mgongoni. Akasimama juani mpaka zamu yake ikafika.

Alasiri akabisha hodi kwa Mzee Mfaume, doti moja mkononi.

"Umeipataje?" Amne aliuliza.

"Nimepanga foleni."

"Wewe, afisa?"

"Mimi. Nimeisoma njia nzima." Akaiweka juu ya mkeka, hakuisogeza karibu na Amne. "Sikuja kuomba urudi. Nilitaka uniambie machoni kama nimesamehewa."

Amne akaitandaza, akalipitisha pindo vidoleni, akakagua kona kama anasahihisha kazi ya mwanafunzi. Wamechapa vizuri. Moyo ulimdunda, akauacha udunde.

"Na sanduku nililorudisha?"

"Mama aliligawa. Sina sanduku, Amne."

"Vizuri." Akaikunja kanga, akajitanda nayo. "Mwambie mama yako ajiandae. Safari hii sanduku nitaleta mimi."

Nyuma ya pazia, shangazi alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele.