Friza Isiyopumzika

Kila asubuhi kabla sijavaa sare ya shule, nilikuwa na kazi moja: kuifunua friza ya mama. Nasema kuifunua kwa sababu ilikuwa imevaa kuliko bibi harusi. Juu kabisa palikuwa na kitambaa cheupe alichokitarizi mama mwenyewe, chini yake blanketi zito la kijivu, na kuta zake zote nne zilizungushiwa magunia yaliyokazwa kwa kamba. Nilikunja kitambaa, nikarudisha blanketi upande mmoja, nikainua mfuniko na kutoa mabonge ya barafu ya akina mama wauza samaki. Kisha nilitoa barafu za ukwaju za kuuza pale mlangoni. Nikimaliza niliifunika upesi, maana mama hakutaka kuikuta wazi hata kidogo.

Jina langu ni Suhaila. Nina miaka kumi na miwili na nasoma darasa la sita. Watu husema mimi ni mbishi, na hilo peke yake sibishi. Mimi na mama tumepanga chumba mtaa wa Nguvumali, katika nyumba ya Bi Zuwena. Yeye mwenyewe anakaa vyumba vya mbele. Chumba cha nyuma anakaa Mzee Zabron, fundi cherehani aliyehamia hapa kutoka Maramba, mbali na bahari. Nyumba nzima inatumia luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, kila mmoja anachangia, na friza yetu inakaa ukumbini, mahali ambapo wote tunapita.

Tangu joto la kaskazi lilipoanza, uniti zilizokuwa zikitosha mwezi mzima zikawa hazifiki hata siku ya ishirini. Jumapili moja alasiri Bi Zuwena alituita barazani. Hakuzunguka. Alisema mla umeme anajulikana, yuko pale ukumbini kajifunika blanketi, na kama hadi Jumapili inayofuata mambo hayajabadilika, friza itoke nyumbani mwake.

Mama aliinamisha kichwa. Mimi damu ilinichemka. Friza ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha, ndiyo iliyoninunulia viatu na madaftari. Ikitoka, tungekula nini? Nikasimama.

"Bi Zuwena, nani ameipima?"

Mama alinifinya mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bi Zuwena alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema kama nina mdomo wa kuuliza, basi niwe na mikono ya kupima. Nikamjibu kwamba nitapima, na ikionekana friza yetu ndiyo mla umeme, nitaichomoa mwenyewe kwenye soketi. Mzee Zabron alicheka kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Imakulata, anayetufundisha sayansi. Nilimwamkia, nikamweleza yote bila kupumua. Akafungua kabati akanipa kidude cheupe, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye meno ya plagi nyuma na kioo mbele. Alikiita kipima umeme. Unakichomeka kwenye soketi, halafu chombo chako unakichomeka kwenye kidude hicho. Kioo kinaonyesha wati, yaani umeme unaoliwa dakika hiyo hiyo. Ukibonyeza kitufe, kinaonyesha uniti zote zilizoliwa tangu ulipokichomeka.

Alinionya nisidanganywe na wati. Mtu akimwaga ndoo nzima ya maji, alisema, kila mmoja atageuka kwa kile kishindo. Lakini bomba likidondoka kutwa kucha hakuna anayegeuka, na ndilo linalokausha pipa. Kwa hiyo nisitazame tu nambari ya dakika moja, nisubiri siku nzima, kisha ndiyo nibonyeze kitufe. Alinitaka nirudie maneno hayo mara mbili, nikayarudia.

Nilianza na pasi ya Mzee Zabron. Ilipowashwa tu, kioo kiliandika elfu moja. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Lakini alasiri ya siku ya pili nilipobonyeza kitufe, siku nzima pasi ilikuwa imekula uniti moja tu, kwa sababu mzee huwasha, hupiga pasi nguo alizoshona, akazima. Nikaifuta nambari, nikakihamishia kidude kwenye friza. Wati mia moja na sabini. Mia moja na sabini mbele ya elfu! Usiku ule nililala kwa raha, nikiona kabisa uso wa Bi Zuwena utakavyokuwa.

Jumatano alasiri nilibonyeza kitufe. Kioo kikaandika nne.

Nilibonyeza tena. Nne. Nikakipiga kofi kidogo. Nne ile ile. Friza ya mama ilikuwa inakula mara nne ya pasi, na haikuwa na kishindo chochote. Ilinguruma tu kwa sauti yake ndogo, asubuhi, mchana na usiku. Nilikichukia kidude kile. Nilitamani kukirudisha kwa mwalimu na kusema kimeharibika. Halafu likanijia wazo, na nakiri kwamba siku ile nililiona wazo zuri sana.

Nikawaita watu wote. Nikamwomba Mzee Zabron awashe pasi, nikawaonyesha elfu moja. Nikahamishia kidude kwenye friza, nikawaonyesha mia moja na sabini. Kitufe sikukigusa, wala habari ya siku nzima sikuitaja. Sikusema uongo hata neno moja, ndivyo nilivyojiambia. Bi Zuwena alizitazama nambari zile, akakohoa, akasema kwamba kuanzia leo pasi ya umeme hairuhusiwi, fundi arudie pasi ya mkaa. Mama alinikumbatia mbele ya watu. Mzee Zabron alivua miwani, akaifuta, akasema kama kipimo kimesema, yeye hana la kuongeza.

Siku mbili zilipita. Ijumaa nilipotoka shule nilikuta moshi uani. Mzee Zabron alikuwa amechuchumaa akipuliza mkaa ndani ya pasi kuukuu ya chuma, macho yamemwiva mekundu. Alikuwa na oda ya mashati meupe ya shule, na cheche ilikuwa imerukia moja ikatoboa kola. Alipokwisha kupuliza alikaa chini, akaanza kuifumua kola ile uzi baada ya uzi.

Nilimpa pole. Akasema si neno, shati ataliweka sawa.

"Ungeniambia kwa mdomo tu ningekubishia," akaongeza. "Lakini umepima, mjukuu wangu, na mimi nimeona kwa macho yangu."

Aliyasema kwa upole, wala hakuwa ananisuta. Afadhali angenisuta, maana matusi ningeyajibu. Niliingia ndani. Nilijaribu kujitetea moyoni kama ninavyowatetea wengine, kwamba nilikuwa naokoa friza, kwamba mama ana haki ya kuishi, kwamba elfu ni elfu. Kila nililosema nililiona bovu. Nilikuwa nimeogopa nambari moja, nikamtupia mzee wa watu.

Jumamosi asubuhi nilimwambia mama. Alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Unajua watatutolea friza nje?"

"Najua, mama."

"Basi vaa mtandio, twende."

Nilisema mbele ya Bi Zuwena na Mzee Zabron, sikuficha kitu. Nilitaja moja ya pasi na nne ya friza, nikatamka kwamba nilijua na nikanyamaza kwa makusudi. Bi Zuwena alipandwa na hasira. Alisema mtoto mdogo amewageuza watu wazima wajinga, na friza itoke sasa hivi.

Hapo ubishi wangu ukarudi, ila safari hii haukunitia aibu. Nilimwambia aniadhibu mimi, maana mimi ndiye niliyedanganya na friza haijamdanganya mtu. Tena yeye mwenyewe alisema Jumapili, na leo ni Jumamosi. Niliomba kidude kikae pale ukumbini mbele ya macho ya wote, kila apitaye abonyeze kitufe mwenyewe, na tutafute kwa nini friza inakula hivyo. Bi Zuwena aliguna, akasema basi ni hadi kesho, si zaidi.

Mzee Zabron angeweza kwenda zake. Badala yake alivuta kigoda akakaa mbele ya friza, akakitazama kioo kwa muda mrefu kama anayesubiri mgeni. Mwishowe akauliza mbona friza hii haipumziki. Alitueleza kwamba pasi yake ikishapata moto wa kutosha hulia *tik*, hujizima yenyewe, ikipoa hujiwasha. Friza nayo ikishapata baridi ya kutosha inatakiwa kujizima. Sasa hii ya mama nambari yake ilikuwa haishuki kabisa. Akapenyeza mkono chini ya magunia, akautoa upesi.

"Mama Suhaila, ukuta huu unaunguza. Kwa nini umeifunika?"

Mama alinyooka. Hapo nikajua ubishi wangu nimeurithi kwa nani.

"Barafu hufunikwa, mzee. Mie nimezaliwa Tongoni, baba yangu alikuwa akiwawekea wavuvi barafu. Aliifukia kwenye maranda ya mbao, akaifunga magunia, ikakaa siku tatu. Barafu isiyofunikwa huyeyuka. Hilo sifundishwi na mtu wa Maramba."

Mzee Zabron hakukasirika. Alisema baba yake mama alikuwa sahihi kabisa, lakini barafu ile ililetwa imekwisha kuganda, kazi ya magunia ilikuwa kuzuia joto la nje lisiingie. Friza inagandisha yenyewe. Joto inalolitoa kwenye maji, inalitapika nje kupitia kuta zake. Ukizifunga magunia, joto halina pa kwenda, na mashine inahangaika mfululizo bila kupumua.

Mama alisema hayo ni maneno tu. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba mimi nimeshachoka na maneno, tupime. Tulibishana pale mpaka Bi Zuwena naye akawa upande wangu, kwa sababu tu alitaka tunyamaze. Mama akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe. Akatoa kitambaa, blanketi, magunia yote. Tulipoisogeza friza mbali kidogo na ukuta, tulikuta vumbi la kujaza kikapu. Ndani nako kuta zilikuwa zimejenga barafu nene kama godoro, tukaibandua kwa kijiko cha mbao. Alasiri ile nikakifuta kidude, kikaanza upya.

Tulikaa tukisubiri. Saa moja ikapita, bado mia moja na sabini. Mama akanitazama kama anayesema, unaona? Halafu friza ikatetemeka kidogo, ikanyamaza. Kioo kikaandika sifuri. Sikumbuki mara ya mwisho ukumbi ule kuwa kimya vile. Mama aliinua mfuniko, akagusa mabonge ya barafu, akayakuta magumu kama mawe. Alichukua magunia yale akayapeleka stoo.

Jumapili alasiri Bi Zuwena alivaa miwani, akabonyeza kitufe mwenyewe. Mbili. Alibonyeza tena kama nilivyofanya mimi siku ile. Mbili. Akasema friza ibaki, mradi isivishwe tena nguo, na fundi arudishe pasi yake ya umeme. Mzee Zabron aliahidi kukusanya nguo na kuzipiga pasi kwa mkupuo mmoja. Mama aliamua kuuza barafu kwa saa maalumu, siyo kuinua mfuniko kila mtoto anapogonga mlango. Mimi nilimwuliza Bi Zuwena kama anajua kwamba taa yake ya barazani imewaka tangu alfajiri. Alinikata jicho, akaenda akaizima.

Mwezi uliofuata uniti zilifika mpaka siku ya ishirini na tisa. Nilipomrudishia Mwalimu Imakulata kidude chake nilimsimulia yote, hata sehemu mbaya. Aliniambia nisimame niisimulie darasani, na sehemu hiyo nisiiruke.

Adhabu yangu nilijipangia mwenyewe. Wiki nzima kila nikitoka shule nilikaa na Mzee Zabron, nikishona vifungo vya mashati yale. Siku ya kwanza nilimwuliza swali lililokuwa likinikera. Nilimwambia, najua kosa nimelifanya, lakini siku ile nambari zote mbili nilizowaonyesha zilikuwa za kweli. Sasa uongo wangu ulikuwa wapi hasa?

Mzee Zabron hakuacha kukanyaga cherehani yake.

"Nikimkabidhi mteja shati lenye mkono mmoja," alisema, "nimwambie sijamdanganya, kwa kuwa mkono uliopo ni wa kweli? Ubishi wako usiuache, Suhaila, umetusaidia. Lakini siku ulipoiona ile nne, ulitubishia sisi wote, wewe mwenyewe hukujibishia. Siku nyingine anza na wewe."

Nilitunga uzi kwenye sindano, nikakagua kwanza kifungo nilichokishona mwenyewe, kisha nikashika shati lingine.