Koti la Dirishani

Fundi cherehani alikuwa anaiona filamu ile kwa mara ya nne, na mkata tiketi dirishani akashindwa kuvumilia, ingawa foleni ilikuwa ndefu.

"Dada, samahani. Mwisho si unaujua? Unarudia nini?"

"Makoti," akajibu. Gauni lake la kijani lilikuwa bado na joto la pasi. "Watu tisa wa ukoo mmoja wamekwama kwenye lifti, wanagombana kwa adabu zote: tafadhali shemeji, nikanyage taratibu. Wote makoti rangi ya haradali, lakini mishono mbalimbali. Shangazi mtu kabanwa mabega, ndiyo maana hacheki. Kwani hujaiona?"

"Mimi nauza tiketi tu."

"Makubwa. Mpishi asiyeonja chungu chake."

Jina likamganda: Mpishi. Siku yake ya mapumziko akaingia, akacheka mpaka machozi, akampigia fundi kwa namba aliyomwomba dirishani. "Yule babu aliyeomba aletewe kiti humo humo ndani ya lifti! Fundi, mbavu zangu."

"Nilikwambia mimi."

Wakawa wanataniana kila alasiri kupitia kioo, na usiombe, Mpishi akapenda. Kisha siku moja akamsikia fundi kwenye foleni akizungumza kwa simu: "Shoga, koti la mtu wangu namalizia leo. Ana mabega huyo, acha tu."

Kumbe ana mtu. Mpishi akanyong'onyea. Tangu hapo akawa anasukuma tiketi bila salamu, simu hapokei. Wivu hauna macho; ungekuwa nayo, ungeona ni mabega ya nani yaliyotazamwa wiki tatu nzima.

Siku ya mwisho ya filamu, fundi akaja.

"Mpishi, nimekukosea nini?"

"Mwenye mabega hajambo?"

"Muulize mwenyewe." Akapitisha mfuko chini ya kioo.

Ndani mlikuwa na koti la haradali. Mpishi akalivaa hapo hapo alipokaa, mabega yakakaa sawasawa. Akamwachia mwenzake kiti, akatoka nje. Mikono ya koti ikaishia karibu na viwiko, pindo juu ya kitovu. Foleni nzima ikacheka.

"Kumbe mrefu hivi?" fundi akasema, aibu imemjaa. "Mimi nilikadiria kilichoonekana dirishani. Vua, nikarefushe."

"Utarefusha kesho, na unipime vizuri. Leo nimekata tiketi mbili. Nimechoka kukuona ukiingia peke yako."

Fundi akamshika mkono pale pale koti lilipoishia, wakaingia.