Nyasi Bandia Uani Mkomani

Siku ya Jumamosi, tarehe tisa Agosti mwaka 2025, katikati ya msongamano wa soko la Kongowea, kikapu cha Tima binti Mohdhar kilipigwa kumbo na nyanya zikatawanyika miguuni pa watu. Aligeuka kwa hasira. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati lake la samawati limepauka kwa kufuliwa, begani amebeba bunda nene la zulia la kijani.

"Niwie radhi, dada."

"Wabeba shamba zima sokoni, kaka?"

"Hizi ni nyasi bandia. Hazitaki maji wala mbolea."

"Na mbuzi huzila?"

"Huzila mara moja tu. Mara ya pili hayupo."

Tima alicheka hadi akaushika mtandio usimponyoke. Kijana alipiga magoti akaziokota nyanya moja moja, akazipangusa kwa pindo la shati lake. Aliitwa Talha, mkaazi wa Likoni, na kazi yake ilikuwa kutandika viwanja vya mpira katika nyua za watu. Tima alikumbuka kwamba kaka yake Taufiq alikuwa akitafuta fundi wa namna hiyo, apate kiwanja cha kukodisha uani kwao Mkomani. Alimpa namba ya simu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta, na jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko mengine yote.

Kazi ilianza wakati Tima na mama yake, Bi Mwanasaumu, wakiwa Lamu kumuuguza mama mdogo. Kila jioni Talha alimpigia Tima simu.

"Habibti, wajua nimekukumbuka?"

"Habibti wa nani? Ruhusa nilikupa lini?"

"Basi, bibiye. Leo tumeshindilia kokoto hadi ardhi ikawa kama meza. Kesho twatandika. Nyasi zote sharti zilalie upande mmoja, la sivyo jua likipiga kiwanja chaonekana kina viraka."

"Na wewe walalia upande gani?"

"Upande wa Mkomani. Nikimaliza nawatuma wazee wangu kwa Taufiq. Baba yenu hayupo duniani, na yeye ndiye walii wako. Asiponiozesha yeye, sina pa kwenda."

"Taufiq akupenda. Lakini sikiza, Talha. Karibu na mlimau pana mawe mawili. Pale amezikwa ndugu yangu Jafar, aliyefariki hata siku arubaini hajatimiza. Kila Ijumaa mama humsomea Yasini. Nilimwambia Taufiq kiwanja kiishie kabla ya hapo. Usiyasogeze."

Simu ilinyamaza.

"Talha?"

"Nimesikia. Hamna neno."

Tima alidhani amechoka.

Walirejea siku ya Ijumaa. Taufiq aliwafungulia mlango wa uani akitabasamu. Ua wote ulikuwa kijani kibichi toka ukuta hadi ukuta, mistari myeupe imenyooka, nyavu zimefungwa. Mlimau haukuwepo. Bi Mwanasaumu, amevaa kanga mbili na ameshika msahafu, alisimama pembeni asithubutu kukanyaga.

"Taufiq, mwanangu yuko wapi?"

"Mama, ni zamani mno. Kilikuwa kitoto kichanga."

"Nimekuuliza yuko wapi! Nimsomee akiwa wapi? Nimkanyage?"

Tima alitoka hadi barazani, akampigia Talha simu.

"Ulijua?"

"Nilipoyang'oa sikujua, Tima. Taufiq aliniambia ni mabaki ya zizi. Uliponieleza ndipo nilipofahamu."

"Ndipo ukanijibu hamna neno! Na kulipokucha ukatandika nyasi juu yake!"

"Nilimwendea kakako. Akasema nikifumbua mdomo nisahau kukuoa. Niliogopa kukukosa."

"Basi umenikosa," alisema Tima, akakata simu.

Usiku ule Bi Mwanasaumu hakutia chochote kinywani.

Asubuhi mlango ulibishwa. Talha aliingia na kisu chake cha kazi, macho yamemwiva. Taufiq alimzuia njiani.

"Wataka nini?"

"Kukikata kiwanja."

"Thubutu! Ukikata, wallahi sikuozeshi dada yangu!"

Talha alimtazama Tima. Tima hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

"Nimekusikia, Bwana Taufiq," alisema polepole, akampita. "Shikamoo, mama. Nionyeshe alipolala."

Bi Mwanasaumu hakuitikia. Alikwenda kusimama penye dirisha la jiko, mahali aliposimama miaka yote akipika huku akimwangalia mwanawe. Alinyoosha kidole.

"Kichwa pale. Miguu huku."

Talha alizipasua nyasi, akapiga magoti akaondoa kokoto kwa mikono mitupu, kucha zikatoka damu. Kisha alipekua kifusi nyuma ya ukuta. Jiwe moja lilipatikana. La pili halikuonekana kamwe. Bi Mwanasaumu aliketi juu ya mchanga, akafungua msahafu, na sauti yake ikakatika mara nyingi kabla hajamaliza.

"Marahaba," mama alimjibu Talha hatimaye.

Tima alimsindikiza hadi langoni.

"Nisamehe, habibti."

"Usiniite hivyo. Ulichagua kunidanganya ili unipate. Ningeishije nawe?"

"Na leo?"

"Leo umechagua kunipoteza ili useme kweli. Niache nifikiri."

Jumatatu Tima alimpelekea kaka yake chai na mahamri. Taufiq alikuwa ameketi ukingoni mwa kiwanja kilichokatika pembe.

"Nimefunga," alisema.

"Saumu gani hii?"

"Kafara ya kuvunja kiapo. Niliapa kwa Mungu kwamba sitakuozesha. Kulisha masikini kumi siwezi, kiwanja kimenimaliza. Nafunga siku tatu." Alifunika uso kwa viganja. "Mama hajanitazama tangu Ijumaa, Tima."

Tima alikiweka kikombe chini, akaketi karibu naye. Kisha alitoa simu.

"Talha? Waambie wazee wako wasije kabla ya Alhamisi. Walii wangu amefunga."

Ewe uliyeisoma hadithi hii, usiifungie ndani. Mpe jirani, mpe ndugu anayetaka kujenga uani kwao, aisome kabla hajashika jembe, na kwanza amuulize mama yake.